Daftari la Mkaa

Eufrasia, leo ni Alhamisi.
Nimeamka saa kumi alfajiri kama mjinga,
nimechemsha maji ya kuoga, ndoo nzima,
nimekutafutia shuka la kujifunika mashineni,
lile zito, maana kule Muhimbili
baridi yao ni ya kununua.
Ndipo nikakumbuka.
Maji nimeyaacha uani. Yanapoa yenyewe.

Miaka sita. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi.
Damu yako ikitoka, ikizunguka, ikirudi,
na kidole gumba kikitembea juu ya rozari
iliyokosa punje moja katika fungu la tatu.
Nikasema nitakununulia nyingine.
Ukasema, "Hapo penye pengo ndipo nakuombea wewe."
Nilicheka. Muuguzi naye akacheka.
Sikuuliza unaomba nini.

Mimi unanijua, mtu wa Krismasi na Pasaka,
nasimama nje ukutani na wabeba watoto wanaolia.
Wewe, hata miguu ilipovimba ikakataa viatu,
Jumuiya ulikwenda na ndala moja yangu, moja ya Wolfram,
ukavuka mtaro wa Vingunguti kwenye ubao unaocheza,
ukafika kabla ya wazima.

Walikuja kukuzika na vitenge vyao vya bluu.
Waliimba vizuri, ungependa, ila sauti ya pili ililegea.
Mama Tausi aliosha masufuria siku tatu, hakukaa,
na usiku, nyumbani kwake, wakakusomea dua.
Padre aliambiwa.
Alitikisa kichwa polepole, akaomba chai.

Jana Deodatha kalikuta daftari lako
chini ya gunia la mwisho.
Mbele madeni, nyuma maombi: ndivyo ulivyoanza.
Kurasa zilipokutana katikati hukununua jingine,
uliendelea tu, humo humo, bila mpaka.

*Baba Havijawa, makopo mawili.*
*Baba Havijawa, mguu.*
*Fundi Ngwale, debe moja. Pombe.*
*Mama Tausi, kijana apige simu.*
*Binti wa kitanda cha sita.*
*Mama Tausi, nusu debe, atalipa mwezi ukiandama.*

Majina mengine umeyapiga mstari.
Nimekesha nayo, miwani imenichubua pua:
huyu kalipa, au kapona?
Na binti wa kitanda cha sita,
aliyepigwa mistari miwili,
yeye naye alikuwa anadaiwa nini?

Asubuhi nikampitia Baba Havijawa.
Jina lake limekatwa; mguu bado anaukokota.
"Mama alinifutia," akasema, "siku ile anatoka hospitali,
alishikilia nguzo hii hapa, anahema,
akaniambia, *tumemalizana.*"
Kisha akaingia ndani, akatoka na elfu mbili,
akanikunjia kiganjani.
Nilizipokea, Eufrasia.
Unga ulikuwa umekwisha.

Ukurasa wa nyuma kabisa nimeufikia sasa hivi.
Mwandiko umeanguka, herufi zinaegemeana
kama wagonjwa kwenye benchi.
*Gaspari*, umeandika. *Maji ya moto.*
Na chini yake vistari,
vinne vimesimama, cha tano kimelala,
kama ulivyokuwa ukihesabu magunia yakishushwa:
kurasa nne, pande zote,
kila ndoo niliyokubebea gizani
nikidhani umefumba macho unasali,
nikinung'unika kuni, mgongo, usingizi.

Nimetafuta mstari wa kukata. Haupo.
Sijui kama ni deni ulilokufa nalo
au ndilo lile ombi la penye pengo.

Penseli yako bado imefungwa kwa uzi.
Kundi la mwisho lina vistari vitatu.
Ndoo ya leo iko uani, maji hayana tena mvuke,
na mimi nimekaa kizingitini, daftari gotini,
sijui niiandike.